Kivuli cha Ghorofa ya Saba

Jumanne, muda wa kuanika, Rukaiya alibaini kwamba shuka za kamba ya kwanza hazikauki. Zilikuwa shuka nyeupe za nyumba ya wageni wanakolala wapanda mlima, na alikuwa amezitia wanga kidogo kama mwenye nyumba alivyopenda. Jua lilikuwa wazi, upepo wa kiasi, na mlima ulikuwa umejitokeza wote bila wingu. Shuka za kamba ya pili na ya tatu zilikuwa zimeanza kukakamaa. Za kamba ya kwanza, iliyo karibu zaidi na mto, zilikuwa nzito na baridi kama zilivyotoka kwenye karai. Rukaiya alizigusa kwa mgongo wa kiganja, akatazama chini, akaona kuwa zimo kivulini. Ndipo akatazama juu kutafuta chenye kivuli, asikione.

Ng'ambo ya mto, upande wa mawio, palikuwa na uwanja uliozungushiwa mabati tangu ghala la zamani la kahawa lilipobomolewa. Kwenye mabati pamebandikwa picha ya jengo la ghorofa sita, lenye vioo vya buluu, na mbele yake watu wasiofanana na mtu yeyote wa Moshi wakitembeza mbwa. Ndani ya uzio hapakuwa na kitu ila nyasi na mlinzi. Hata hivyo kivuli kilianzia humo humo, kwenye msingi ambao haujachimbwa, kikavuka mto, kikapita juu ya mawe ya kufulia na kuishia kwenye kamba ya Rukaiya. Kingo zake zilikuwa zimenyooka. Ubavuni mwake, upande wa kaskazini unaotazama mlima, vibaraza vilijitokeza kimoja kimoja kama meno ya kitana, na mtu aliyetaka kuzihesabu ghorofa aliweza kuzihesabu. Zilikuwa sita.

Rukaiya alizihamishia shuka zile kamba ya nyuma, kisha akamwita jirani yake Hussein, fundi cherehani aliyeshonea barazani.

Hussein alikuja na futi yake shingoni. Aliutazama uwanja mtupu, akakitazama kivuli, akakiingiza mguu mmoja na kuutoa.

"Wameanza na kivuli," alisema. "Ndiyo maana hatujasikia nyundo."

"Kina ubaridi."

"Kivuli cha ghorofa sita, dada. Ulitaka kiwe na joto?"

Akarudi kwenye cherehani yake, kwa kuwa alikuwa na sare za shule za kumaliza.

Mtaa wa Madobi ulikuwa mtaa wa kale. Watu wa kwanza kufulia kwenye mawe yale waliletwa na reli kutoka India, na reli ilipowasahau wakabaki. Babu yake Rukaiya alikuwa mmoja wao; alioa Mpare, na mwanawe akaoa msichana wa Kilema, kule mlimani, aliyeshuka mjini kuuza ndizi na asipande tena. Nyumba zilikuwa fupi, zenye baraza pana na nguzo za mbao, na serikali ilikuwa imeutangaza mtaa mzima kuwa eneo la kihistoria. Maana ya tangazo hilo Rukaiya aliijua vizuri, maana aliwahi kusubiri misimu miwili ya mvua kupata ruhusa ya kubadilisha mlango wa jikoni ulioliwa na mchwa. Aliambiwa kuwa mlango ule ni urithi wa taifa. Mchwa hawakuambiwa.

Kwa hiyo picha ya jengo ilipobandikwa, mtaa uliunda kamati ya kulipinga, na mwenyekiti akawa mzee Theodory. Theodory alikuwa mkuu wa stesheni mstaafu, mtu wa Kilema kwa asili, mjane aliyeishi nyumba ya kona kwa miaka mingi kuliko wengi waliozaliwa pale. Alivaa pama la kahawia kila siku isipokuwa kanisani, na alipofikiri alilinyanyua kwa mkono wa kulia na kujikuna utosi kwa kidole kidogo cha mkono huo huo. Kiswahili cha barua zake kilikuwa kizito kiasi kwamba maofisa walizijibu kabla hawajazielewa.

Theodory aliiandikia ofisi ya ardhi kuhusu kivuli, na ofisi ikamtuma afisa kijana aliyeitwa Gidioni. Gidioni alifika na viatu safi. Alikipima kivuli kwa hatua, akasimama ukingoni mwake, upande wenye jua.

"Wazee wangu, shikamooni," alisema. "Nimekiona. Siwezi kusema sijakiona."

"Basi kiondoeni," alisema Mektrida. Huyu alikuwa muuza mtori, supu ya ndizi, wa pale kwenye kona, mwanamke wa Kilema mwenye sauti iliyozoea kuita watu kutoka ng'ambo ya bonde.

"Mama, kivuli si jengo. Sheria inataka kibali cha kujenga. Haitaki kibali cha kutia kivuli. Mti wako ule, una kibali cha kivuli?"

"Mti wangu upo."

"Hiyo ndiyo tofauti," alisema Gidioni, na akaiandika.

Theodory alilinyanyua pama lake, akajikuna utosi. Alisema kamati italitafakari jibu hilo kwa kina. Rukaiya alilikumbuka neno hilo baadaye, na akaona kuwa mtu asiyetaka jambo lifanyike huwa na haja kubwa ya kina.

Kivuli hakikukaa kwenye ghorofa sita. Kilifika saba, kikatulia, kikafika nane. Kila kilipoongezeka kilimeza kamba nyingine, na Rukaiya akawa anaanika kwa zamu, kisha juu ya ua, kisha juu ya paa la banda la kuku. Kwenye mabati ng'ambo ya mto picha ilibaki na ghorofa zake sita. Watu wa mtaa hawakuuliza jengo lisilokuwepo linawezaje kukua. Waliuliza nani amekubali. Ilikuwa wazi kwao kwamba ghorofa haijiongezi yenyewe. Kuna mtu anayelala na kuamka na neno lake tayari limetolewa. Wakaanza kutazamana. Aliyechelewa kwenye kikao aliulizwa alikotoka. Aliyewahi alitazamwa zaidi. Mektrida aliacha kumpimia Hussein mtori wa ziada, kwa sababu Hussein alikuwa amesema, kwa mzaha, kwamba ghorofani nzi hawafiki; na Hussein naye alianza kushona akiwa ameugeuzia mtaa uso badala ya mgongo.

Ghorofa ya tisa ilipoingia, kivuli kilifika kwenye ukuta wa nyuma wa nyumba ya Rukaiya, na mahali ilipokuwa kamba ya kati palikuwa pameangukiwa na ghorofa ya saba.

Aliendelea kuanika pale shuka za wageni wasio na haraka. Asubuhi moja, akiwa anabana kibanio, aliona kwenye weupe wa shuka kwamba kibaraza cha ghorofa ya saba kina mtu. Kilikuwa kivuli cha mwanamume aliyesimama akiegemea kizuizi na kutazama kaskazini. Alikuwa na pama. Baada ya muda alilinyanyua kwa mkono wa kulia, na kidole kimoja kikachepuka na kuukuna utosi.

Rukaiya alikibana kibanio cha pili. Wakati huo huo lango liligongwa, akaingia mzee Theodory mwenyewe, aliyekuwa akipita kukumbushia kikao cha jioni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama Raya. Naona unaanika."

"Naanika. Zitakauka zikipenda."

Theodory aliitazama shuka. Mtu wa kwenye shuka hakumtazama Theodory. Alikuwa akimwagilia kitu, pengine ua kwenye kopo. Wote wawili walisubiri amalize.

"Watu wanaovaa pama ni wengi," alisema Theodory.

"Ni wengi," alisema Rukaiya.

Hakumwambia mtu. Hakuwa na haja, kwani kivuli hakikuwa na mlango, na asubuhi ile ile Mektrida alipita kuleta sufuria, akaona. Kabla jua halijapanda juu mtaa mzima ulikuwa umepita uani kwa Rukaiya, mmoja akija kuomba chumvi, mwingine kurudisha ungo ambao hakuwahi kuazima.

Kikao kilifanyika barazani kwa Hussein. Theodory alifungua kwa sala fupi inayofaa dini zote, akasoma ajenda. Hussein alinyoosha mkono.

"Mwenyekiti, kabla hatujaendelea. Ghorofa ya saba kuna upepo?"

Watu walitazama miguu yao.

"Sijaelewa swali," alisema Theodory.

"Nauliza kama jirani. Maana picha yao ina ghorofa sita, na wewe uko ya saba. Nikasema huenda chifu wetu, Mangi mwenyewe, amepewa ya juu ya paa, kwa heshima."

"Mtu hawezi kushtakiwa kwa kivuli," alisema Theodory. "Afisa alishasema kivuli si jengo. Nanyi mlikuwepo."

"Tulikuwepo," alisema Mektrida. "Na wewe upo. Hapa upo na kule upo. Mimi nachota mtori, siwezi kubishana na mkuu wa stesheni. Nataka kujua tu ile stesheni ya juu, treni ya kwenda wapi?"

Theodory alilinyanyua pama. Mkono ulipofika utosini alijizuia, akalirudisha pama mahali pake. Ajenda ya pili ilikuwa barua. Ilijadiliwa kwa kina, ikapitishwa bila kura ya kupinga, na mwenyekiti akaendelea kuwa mwenyekiti, kwa sababu kumwondoa kungehitaji barua na barua aliziandika yeye.

Siku zilizofuata vibaraza vingine vilijaa. Kwenye cha tano alionekana mwanamke mnene akipepeta mchele kwa namna ambayo mtaa uliijua. Kwenye cha pili palikuwa na mtu anayevuta sigara kwa kuificha kiganjani. Waliotambuliwa walikana, kisha wakanyamaza, kisha wakaanza kusalimia kwa sauti kubwa kupita kawaida. Rukaiya aliutazama ubavu wa kivuli kila asubuhi, akitafuta umbo moja tu, la mwanamke aliyezoea kuinua mikono yote miwili kuanika. Hakuliona, na aligundua kwamba kutoliona hakumpi raha aliyoitarajia.

Alichokuwa nacho kilikuwa ua ule. Pasipo jua asubuhi, dobi ni mtu anayelowesha nguo za watu. Nyumba ya wageni ilikuwa tayari imerudisha mzigo mara moja, kwa maelezo kwamba Mjerumani mmoja alilala na koti la kupandia mlima.

Ilikuwa asubuhi ya Jumapili, watu wa kanisani wakirudi, Theodory alipokuja kwa mlango wa mbele. Hakuwa na pama. Mikononi alibeba isale, mmea wa mlimani wenye majani marefu ya kijani.

Rukaiya alilijua isale. Mama yake alikuwa amemfundisha, kwa Kichaga chake cha Kilema alichokiacha kwa kila kitu isipokuwa mambo mazito: hata mtu akimwaga damu ya nduguyo, akikujia ameshika isale, unasamehe. Huulizi kama anastahili. Anayekataa isale huubeba mzigo yeye, na watoto wake huupokezana. Babu wa Kihindi hakuwahi kulielewa jambo hilo, lakini hakuwahi pia kulijaribu.

"Mama Raya," alisema Theodory, akabaki amesimama. "Nimekuja kwa hili. Sina lingine."

"Kaa, mzee."

"Nikikaa nitaanza kuzungumza. Nijibu kwanza."

"Umepewa ghorofa?"

"Nimeahidiwa. Upande wa mlima. Pale kwangu mlima uliniondokea walipojenga ile hoteli, na marehemu mke wangu alikufa akiuliza kama leo umefunguka. Nilikuwa namwambia umefunguka." Alitazama majani aliyoyashika. "Wangejenga nikikataa, wangejenga nikikubali. Niliona afadhali mmoja wetu aone."

"Na kamba zangu?"

"Sikuzifikiria. Ndiyo maana nimekuja na isale."

Rukaiya alifikiri kwamba huu ndio uungwana wa mtu aliyesoma ratiba maisha yake yote: hufika kwa wakati, baada ya ajali. Lakini alinyoosha mikono yote miwili, kama alivyofundishwa, akalipokea.

"Nimesamehe," alisema.

Theodory alishukuru, akaenda zake. Rukaiya alibaki na isale, na hapo ndipo aliliangalia vizuri. Kuomba msamaha, jani moja hutosha. Theodory alikuwa ameleta shina refu lenye mizizi, na udongo mweusi wa mlimani bado umeganda humo. Aliligeuza geuza. Akasema moyoni kwamba mzee amezidisha heshima.

Alasiri ile alilitenda jambo ambalo lingemjia mtu yeyote mwenye mama wa Kilema. Huko juu isale lina kazi nyingine tena, nayo ni mpaka. Wajomba zake waligombania kihamba, shamba la ukoo, mpaka wakaacha kuzikana, na siku walipopanda isale kati yao ugomvi ukaishia kwenye mstari ule. Migomba ya huyu haikuinamia ya yule. Rukaiya alichukua panga, akalikata shina vipande, na kwa kuwa kivuli kilikuwa kimeufikia ukuta wake na hakuna aliyejua ghorofa ya kumi itaingilia wapi, alivipanda vipande hivyo kwenye mstari pale kilipoishia asubuhi, kuanzia kona ya banda la kuku hadi kwenye mlango wa jikoni. Alivimwagilia kwa maji ya suuza.

Masale yalishika. Na kivuli kilisimama. Ghorofa ya kumi haikuja. Kila asubuhi kilivuka mto, kikaupanda ua, kikaufikia mstari wa masale na kutulia hapo kama ng'ombe aliyefika kwenye kamba yake. Majirani walikuja kutazama, wakaomba vipande. Haukupita muda, nyuma ya kila nyumba iliyopakana na mto palikuwa na mstari wa majani ya kijani kibichi, umepandwa kwa uangalifu mahali kivuli kilipokoma. Hussein, ambaye hakuwa na ukoo mlimani, alipanda yake karibu karibu kama mshono, akasema kuwa hii ndiyo barua ya kwanza ya kamati iliyojibiwa.

Gidioni alirudi mvua zilipokwisha. Safari hii alikuwa na wapimaji wawili wa kampuni ya jengo, na vigingi. Walipita nyuma ya nyumba kimya kimya wakifuata masale, na kwenye kila shina walipigilia kigingi. Rukaiya aliwakuta wameshafika jikoni kwake.

"Huu ni ua wangu," alisema. "Kiwanja changu kinaishia mtoni."

"Kiliishia mtoni, mama," alisema Gidioni kwa upole. "Kampuni inadai hadi hapa kwa ajili ya bustani ya wakazi. Sisi tulikuwa tunabishana nao, niamini. Tukasema twende tukaone mpaka uko wapi. Sasa tumekuta mpaka."

"Nimepanda mimi."

"Hilo ndilo linaloupa nguvu."

Alimgeukia Mektrida, aliyekuwa amesimama na upawa wake mkononi. "Mama, wewe ni mtu wa Kilema. Isale likipandwa kwa mstari kati ya watu wawili, na wote wawili wakalikuta na kulikubali, maana yake nini?"

Mektrida aliushusha upawa. Alimtazama Rukaiya, akatazama mstari.

"Maana yake wamemaliza," alisema hatimaye. "Upande huu wa huyu, upande ule wa yule. Hauvukwi."

"Na likishika?"

"Likishika, ardhi imekubali."

"Mektrida," alisema Rukaiya.

"Kaniuliza isale, mama Raya. Nidanganye isale?"

Rukaiya hakumlaumu. Yeye mwenyewe angejibu hivyo. Kosa aliliona sasa kwa ukamilifu wake, kama mtu anavyoiona nguo iliyopauka: mpaka hupandwa pale unapotaka kusimama wewe, si pale aliyekuvamia alipofika. Mama yake alikuwa amemfundisha mengine yote, na hilo hakulisema, kwa kuwa huko juu hakuna aliyewahi kuhitaji kuambiwa.

Theodory alikuwepo, nyuma ya watu. Rukaiya alimtazama na kuliona tena lile shina lenye mizizi na udongo wake. Alitaka kumuuliza kama mtu anayejuta hubeba mche mzima kutoka Kilema kwa ajili ya neno moja. Lakini alikuwa amelipokea isale kwa mikono miwili, na anayelipokea halichimbui jambo lililosamehewa. Theodory naye aliyatazama masale kwa uso ambao ungeweza kuwa wa huzuni, na ungeweza pia kuwa wa mtu anayehakikisha mabehewa yote yameunganishwa.

Jengo lilijengwa. Lilipanda ndani ya nafasi yake bila shida, ghorofa tisa, na mafundi walisema hawajawahi kufanya kazi rahisi namna ile. Asubuhi walikitazama kivuli mtaani ng'ambo ya mto na kujua ukuta unaofuata uelekee wapi. Picha kwenye mabati ilibandikwa upya ikiwa na ghorofa tatu zaidi na mbwa wale wale. Mawe ya kufulia yaliachwa mahali pake, yakapakwa rangi nyeupe na kuwekewa kibao kinachoeleza historia yake, na ikapigwa marufuku kufulia juu yake. Siku jengo lilipokamilika kivuli chake hakikuwa kizito kuliko kilivyokuwa, na watu wa mtaa, waliokuwa wamejiandaa kulalamika, hawakupata kipya cha kulalamikia.

Rukaiya alifulia kwenye karai mbele ya nyumba. Nguo za wateja aliowapenda alizipeleka Mabogini kwa bajaji, akazianika kando ya majaruba ya mpunga, zikarudi zimekauka na harufu ya mashamba. Nyumba ya wageni iliridhika.

Wapangaji wa ghorofani walipohamia, walihitaji dobi, na dobi wa karibu alikuwa yeye. Mzigo wa kwanza aliuleta mzee Theodory mwenyewe, ameuzungushia mkeka, akihema kwa ngazi alizoshuka kwa kuwa lifti ilikuwa haijaanza kufanya kazi.

"Shuka mbili tu, mama Raya, na foronya."

"Karibu, mzee. Mlima umefunguka leo?"

"Umefunguka," alisema Theodory.

Rukaiya alizifua vizuri, akazitia wanga. Kisha akazianika kwenye kipande cha ukuta wa jikoni, hatua moja kutoka kwenye masale, upande uliobaki kuwa wake, chini ya upenu ambako jua halikufika. Jioni alizikunja zikiwa mbichi, kona kwa kona, kama alivyofundishwa na baba yake, akampelekea hadi mlangoni, ghorofa ya saba.

Theodory alizipokea kwa mikono yote miwili. Aliuhisi uzito wake. Maji yalikuwa yameanza kupenya kwenye kifua cha shati lake.

"Ahsante, mama Raya," alisema. "Nikuletee tena lini?"

"Wiki ijayo," alisema Rukaiya, na akaanza kushuka ngazi.